Ramani ya Kidato cha Pili

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya saba katika shule hii. Maneno yote niliyoambiwa leo na walimu wenzangu: "Shikamoo." "Chaki zimeisha." "Samahani, hicho kiti kina mtu." Hakikuwa na mtu. Kimebaki kitupu mpaka kengele ya mwisho.

Historia, kidato cha pili. Nimeuliza swali, wote wamenyamaza. Nikamsimamisha msichana wa nyuma kabisa, wenzake wanamwita Kimya. Akainama. Nikamwambia atasimama mpaka ulimi umrudie. Amesimama dakika arobaini! Wenzake walicheka, halafu wakaacha kucheka.

Chai na mkate chumbani. Mkate nimeufunga tena kwenye karatasi yake.

Jumatano, 5 Machi
Juzi usiku nilifungua sanduku ambalo sikuwa nimeligusa tangu uhamisho. Madaftari ya chuo. Sosholojia, anthropolojia — nilikariri, nikafaulu, nikasahau. Lakini ukurasa mmoja una maneno ya mhadhiri wetu, yule mama wa kikohozi kisichoisha: kabla hujasema mtoto hajui, chora darasa lako. Nani anakaa wapi. Na macho yako wewe yanakwenda wapi.

Basi nimechora. Kila ninapomuuliza mtu, natia nukta kwenye dawati lake. Vipindi vitatu, jana na leo. Safu mbili za mbele, nukta thelathini na moja. Safu mbili za nyuma, nne. Na kati ya hizo nne, mbili ni "Wewe, unacheka nini?"

Kisha nikaona jambo jingine. Wa nyuma wote wanatoka ng'ambo ya reli. Wote! Nimewauliza nani aliwapanga hivyo. Mmoja akajibu, ndivyo tulivyokuta, mwalimu.

Miaka ishirini na sita nafundisha. Nilijiona mwalimu wa haki.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwao Kimya, ng'ambo ya reli, kuomba radhi. Vyumba viwili, bati jipya, cherehani mlangoni. Anaishi na bibi yake, fundi wa kushona. Macho ya bibi yamepungua, kwa hiyo mjukuu humtungia uzi na kumsomea vipimo. Huyo mtoto anavyosema! Nilikaa saa nzima sikupata nafasi ya kutia neno.

Nikauliza, mbona shuleni hafungui kinywa? Bibi hakuacha kukanyaga cherehani. "Nimemfundisha mwenyewe. Mkubwa akizungumza, ngoja amalize ndipo ujibu. Sasa wewe, mwalimu, nasikia humalizi."

Nimecheka mpaka machozi. Kisha yakabaki machozi tu. Bibi akajifanya haoni. Au kweli hakuona, sijui.

Wakati wa kuaga akaniuliza shuleni nakaa chumba gani. Cha walimu, nikasema. Upande wa bomba la maji? Ndiyo.

"Hapo palikuwa jiko langu."

Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia.

Jumapili, 9 Machi
Dada amepiga simu. Nimemsimulia. Anasema, mdogo wangu, umeshahamishwa mara moja kwa sababu ya domo lako, bado miaka minne ustaafu, kaa utulie. Nikamwambia nitatulia. Mlango wangu haujagongwa tangu nihamie hapa. Nimefua pazia ambalo halikuwa chafu.

Jumanne, 11 Machi
Sikutulia.

Jana niliwapa kazi: muulize mtu mkubwa kuliko wote nyumbani, pale shule ilipo palikuwa na nini? Leo mikono iliyoinuka ni ya nyuma. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchora ubaoni. Kisima. Kinyozi. Njia ya kwenda kwa mganga wa meno. Wananisahihisha: si hapo, mwalimu, sogeza kushoto!

Kimya akasimama. Nikauma ulimi. Nikahesabu moyoni hadi ishirini — ndefu ajabu, ishirini! Ndipo akasema. Nyumba kumi na tisa. Walipewa siku tatu wahame. Bibi yake aliondoka na cherehani kichwani, mtoto mgongoni.

Kiranja, binti wa safu ya mbele, akanyoosha mkono. Babu yake ndiye aliyepima kiwanja. Jana kamwambia palikuwa pori tupu.

Hakuna aliyecheka. Niliandika yote mawili ubaoni, nyumba kumi na tisa, pori tupu. Nikawaambia hapa ndipo historia inapoanzia: watu wawili walikuwapo, na wamesema tofauti. Tutajuaje? Kiranja akasema atamuuliza babu tena. Akamgeukia Kimya, akasema, twende wote.

Sijawahi kuisikia kengele na kuichukia. Leo nimeichukia.

Jumatano, 12 Machi
Mkuu kaniita. Mzazi amepiga simu, binti yake kamfanya babu alie mezani. Mtihani hauulizi jiko la mtu, mwalimu. Ramani ifutwe. Nikasema ramani haiko ubaoni tena, iko kwenye madaftari arobaini na mawili. Ijumaa saa nne, akasema, uje tuzungumze vizuri.

Mwalimu wa hesabu amenipita koridoni, akasema "pole" bila kuinua uso. Mzee wa watu, hata hilo nimelishika kama zawadi.

Ijumaa, 14 Machi
Naandikia magotini, kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Nilifika saa nne kasoro robo. Bibi alinitangulia getini!

Sikumwalika, naapa. Mlinzi alimtaka barua. Bibi akamwambia amekuja kuangalia kama sakafu yake imetunzwa. Mlinzi akafungua geti. Bibi akatembea barazani, kiganja ukutani, mjukuu upande mmoja, kiranja upande wa pili. Kidato cha pili wote wamejazana madirishani, wa mbele na wa nyuma bega kwa bega. Mkuu akatoka. "Mama, unamtafuta nani?" Bibi akasema hamtafuti mtu, miguu inamuuma, aonyeshwe pa kukaa. Wakaingia yeye na Mkuu. Mlango ukafungwa.

Dakika ishirini na tano. Karani amepeleka faili langu ndani, hakunitazama. Mwanzo nilisikia sauti ya Mkuu peke yake. Halafu za wote wawili. Sasa ni ya bibi tu, taratibu, kama anayehesabu nyumba moja moja.

Imenyamaza.

Mlango unafunguliwa. Si Mkuu. Ni bibi, ameshika kitasa, anapapasa hewa kunitafuta. "Mwanangu, mbona unakaa nje? Pita ndani." Nina miaka hamsini na sita. Nyuma yake Mkuu amesimama katikati ya ofisi, faili langu mkononi, halijafunguliwa. Nafunga daftari, naingia.