Spiriti Iliyonikataza Kumbeba Mama

Jumanne, Musoma

Na bado inawaka moto! Mimi mjanja wa Kampala na Nairobi, niliyekuwaga nawacheka waoga, nimeshindwa na chupa ya spiriti.

Jumamosi, na yule mrembo wa Bunda, kondomu nilivaa kwa heshima zote kama tai ya harusi. Halafu hofu ya malengelenge, yale ya zinaa, ikanishika, nikajisugua sehemu za siri kwa spiriti mpaka nikaona nyota. Vipele vilipotoka nikasema basi, nimekwisha.

Kwa hiyo Jumapili, kule Kiriba, nilikataa kumbeba mtoto mchanga wa dada yangu, nisije nikamwambukiza. Amepewa jina la marehemu mama yetu. Dada akanuna: "Kaka, mama amekukosea nini?"

Leo nesi kaniangalia. "Baba, umepaka nini hapa?"

"Spiriti tu."

"Tu? Malengelenge sioni, umejiunguza mwenyewe. Kondomu imepunguza hatari sana, ila ukiona malengelenge, rudi."

Hongera kwangu, daktari wa chumbani.

Kesho nawahi Kiriba kumbeba mama. Busu lingoje kwanza mpaka niwe na hakika, lakini mikononi mwangu atakaa mpaka dada acheke.