Mchungaji Alipovua Viatu Sebuleni

Gongoni, Jumamosi jioni

Bado nacheka peke yangu jikoni, mbavu zinauma.

Tangu nianze kukaa kimya kila asubuhi nikihesabu pumzi, kama Wabudha wanavyofanya, mama mkwe hanipi raha. Anasema nimeacha kanisa. Wiki nzima nimehofu atanishtaki kwa mchungaji, nitolewe kwenye kwaya. Leo kamleta kweli, akanikuta mkekani nimefumba macho.

"Shikamoo, mchungaji." Nikafumbua macho.

"Marahaba. Unamwomba nani hapo?"

"Simwombi mtu. Nahesabu pumzi mpaka kumi, halafu naanza upya. Daktari alisema presha imepanda, nipunguze mawazo. Yesu sijamwacha."

Akanitazama, kisha akavua viatu. "Hata mimi nina presha. Nifundishe."

Mchungaji akakaa, akafumba macho, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu... Kufika sita alikuwa anakoroma!

Mimi nilijikaza. Mama mkwe ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Mama huyu, ambaye tangu tumzike baba mkwe sijamsikia akicheka hata siku moja! Alicheka mpaka akaketi mkekani, akajifuta machozi kwa kanga, akanishika mkono.

Mchungaji alizinduka, akavaa viatu, akaaga; sijui atasema nini kesho ibadani. Naogopa kidogo. Lakini sasa hivi mama amechungulia jikoni, akaniambia nimwamshe saa kumi na mbili asubuhi, tukae mkekani wote wawili.