Sindano ya Bega la Mayunga

Nyakahura, Biharamulo
Jumapili, 14 Septemba

Kwa Dada yangu Arafa,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe juu yako. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima hapo Tabora, wewe na shemeji Idi na watoto, na kwamba mguu wa Raya uliokuwa umeteguka sasa unakanyaga vizuri. Sisi huku miili ni mizima. Jua limekaza, vumbi la malori ya Rusumo limepaka migomba ya kando ya barabara rangi moja na udongo, ila tangu juzi mawingu yanajikusanya upande wa Ngara na watu wameanza kunoa majembe.

Najua utashangaa kupata barua, wakati simu zipo. Jumapili mbili ulinipigia nikakwambia mtandao unakatakata. Mtandao haukuwa na shida yoyote, Dada. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta, mlango nimeufunga, na kila nilipotaka kusema nilikata. Kwenye karatasi angalau siwezi kukata.

Ni habari za Mayunga. Jirani yetu yule Msukuma, aliyehama Kahama na ng'ombe wake akaweka boma nyuma ya shamba la mama. Msiba wa mama ulipotufika, ni mkokoteni wake uliobeba maji siku zote tatu, na mkewe Magdalena, yule Mhangaza wa Kanazi, alilala na wewe chumbani hadi tulipomaliza hitma. Kwa hiyo nikisema Mayunga, huhitaji kuelezwa ni mtu gani kwetu.

Mwezi wa pili alikuwa analima na maksai wake. Mmoja alishtuka, nadhani aliona nyoka, wakakurupuka wote wawili na mkono wake wa kulia ukiwa umezungushiwa kamba. Walimburuta hatua kama kumi. Alinyanyuka mwenyewe, akacheka, akamalizia tuta lile. Kesho yake asubuhi hakuweza kuinua kikombe cha uji. Mganga wa zahanati alimchoma sindano ya steroidi kwenye bega mwezi wa tatu, na kwa wiki tano Mayunga alikuwa mtu mpya. Kisha maumivu yakarudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Mwezi wa sita mimi na Magdalena tukamsindikiza Mwanza. Alisema hawezi kwenda kwa wakubwa bila daktari wake. Daktari wake ni mimi, Dada. Ndivyo alivyokuwa akiniita mbele ya watu, na mimi muuza dawa tu wa duka la dawa muhimu sikuwahi hata siku moja kumsahihisha. Tulivuka ziwa kwa daraja jipya, akiwa amegandisha uso dirishani, akaniambia tangu ahame kwao hajawahi kuvuka hapo bila kusubiri kivuko.

Kule hospitali tulimkuta daktari wa mifupa, Dokta Gidioni, mtu mpole wa maneno machache. Alipiga picha, akatuonyesha kwamba kano mbili za bega zimekatika na zinahitaji kushonwa. Mayunga akaomba achomwe tena ile sindano ya zahanati ili apate usingizi huku akisubiri. Dokta akakataa, lakini alitueleza vizuri, akimtazama Mayunga na siyo mimi. Alisema ile dawa hutuliza uvimbe, lakini pia huwalaza askari wa mwili. Ikichomwa begani, upasuaji usubiri miezi mitatu, la sivyo kidonda kinaweza kuoza kwa ndani. Kwa hiyo kuna njia mbili: achomwe leo na upasuaji usogee mpaka mwezi wa kumi, au avumilie na upasuaji ufanyike tarehe kumi na mbili Agosti. Uamuzi ni wake.

Tulikaa nje kwenye benchi tukalipima jambo hilo. Baada ya kushonwa, mkono ungehitaji miezi sita kabla ya kushika plau. Akifanyiwa Agosti, masika yangemkuta tayari. Akisubiri mwezi wa kumi, masika yangempita, na hawa maksai nani angewashika? Mtoto wao mkubwa yuko chuoni Bukoba. Magdalena akasema kwa sauti ya chini kwamba maumivu ni ya siku, njaa ni ya mwaka. Mayunga akatikisa kichwa kukubali. Akaingia ndani akamwambia dokta kwamba ile sindano haitaki, atavumilia.

Na kweli alivumilia. Mwezi mzima wa saba nilikuwa namwona akipita mbele ya duka, mkono ameuegemeza kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikonda. Magdalena aliniambia analala amekaa, ameegemea ukuta.

Agosti kumi na moja tukarudi Mwanza. Dokta Gidioni akamuuliza kama anavyomuuliza kila mgonjwa: tangu tulipoonana, umechomwa tena sindano ya steroidi? Mayunga akasema hapana. Kesho yake akafanyiwa upasuaji, ukaenda salama, na siku ya nne tukarudi nyumbani. Watu walikuja kumpa pole na maziwa. Mimi nilikuwa nambadilishia bandeji kila baada ya siku mbili.

Siku ya tisa bandeji ilikuja na maji ya njano. Siku ya kumi alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nilipomgusa bega lilikuwa la moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Dada, wewe umeshaona mengi kwenye kazi yako ya wodini. Mimi sijawahi. Tulikodi gari hadi Mwanza, na njia nzima Mayunga alikuwa akizungumza na baba yake aliyekufa zamani.

Walimfungua tena bega. Walitoa usaha, wakaosha, wakaacha mpira wa kutolea uchafu. Alipopata fahamu vizuri, Dokta Gidioni alikuja kitandani, akavuta kiti, akaketi. Magdalena alikuwa upande mmoja, mimi upande wa pili. Safari hii aliuliza kwa upana zaidi. Alitaka kujua kama kuna sindano yoyote iliyoingia kwenye bega hilo, ya mtu yeyote, kabla ya upasuaji.

Mayunga akasema ndiyo, moja, ya maumivu ya kawaida, aliyochomwa na huyu ndugu yake, akanionyesha kwa kidevu. Kisha akasema:

"Lakini si ile. Ile niliikataa mbele yako. Naapa kwa kaburi la baba yangu, dokta, si ile."

Dokta akanigeukia akaniuliza ilikuwa dawa gani. Nikasema diklofenaki.

Sikukueleza yote hapo juu, Dada. Nilirukaruka kama mtu anayevuka matope. Sasa nakueleza.

Tarehe ishirini na nne Julai, saa nane mchana, Mayunga aliingia dukani akaketi sakafuni. Hakuketi kwenye kiti, aliketi sakafuni, mtu mzima wa miaka hamsini na moja, akalia. Alisema nimpe sindano yoyote ya maumivu isiyokuwa ile. Nilishampa vidonge vyote ninavyoruhusiwa kuuza, na tumbo lilikuwa limeshaanza kumuuma kwa ajili hiyo. Diklofenaki ya sindano sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, duka langu haliruhusiwi kuchoma mtu sindano. Nilikuwa na kitu kimoja tu ndani. Kwenye friji ya chumba cha mama vilibaki vichupa viwili vya ile dawa yake ya goti, steroidi ile ile.

Nilijiambia siku kumi na tisa zilizobaki hadi upasuaji zinatosha. Nilijiambia madaktari wakubwa huongeza miezi ili wawe upande salama. Nilijiambia kwamba mtu anayeteseka hivi hawezi hata kufika Mwanza. Lakini ukweli ni kwamba aliniita daktari huku akilia, na sikuweza kumwambia kwamba mimi siye. Nilivuta kichupa kimoja, nikamchoma begani pale pale nilipomwona mganga wa zahanati akichoma. Akauliza, hii si ile? Nikamjibu si ile. Nikamwelekeza kabisa kwamba Mwanza wakimuuliza kuhusu steroidi, jibu ni hapana.

Usiku ule alilala. Asubuhi Magdalena aliniletea kuku jike. Nilimpokea.

Agosti kumi na moja nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake alipoulizwa mara ya kwanza, na nilinyamaza. Ningesema neno moja tu, wangeahirisha upasuaji, masika yangepotea, naye angekuwa na bega bovu lakini safi. Mara ya pili sikunyamaza tu, nilitaja dawa ya uongo, huku yeye ameapa kwa kaburi la baba yake.

Niliondoka wodini nikakaa nje ya geti hadi jioni. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nakumbuka nilikuwa nasoma bango la nauli za Sengerema, nalirudia rudia. Nilikuwa kama mtu aliyegongwa akasimama, hajui bado kama ameumia. Siku mbili nilikuwa hivyo. Nilikuwa napeleka chai wodini, najibu salamu, mikono inafanya kazi zake, lakini ndani hakuna mtu.

Siku ya tatu nilikwenda ofisini kwa Dokta Gidioni nikamwambia. Hakunifokea. Aliuliza jina la dawa, kiasi, tarehe, kama sindano ilikuwa mpya, nilisafisha ngozi kwa kitu gani. Akaandika. Akasema hawezi kuthibitisha kwamba ni dawa ile pekee iliyoleta usaha, maana kidonda huweza kuharibika hata bila hiyo, lakini angejua, asingemfungua mtu huyu mwezi wa nane. Akasema pia angejua siku mbili zilizopita, matibabu aliyokuwa anampa yangekuwa tofauti. Kisha akafunga faili akasema mgonjwa ana haki ya kulisikia hilo kutoka kwangu.

Mayunga alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea atanilaani, au mkono wake wa kushoto ungenifikia. Magdalena alikuwa amesimama na sufuria ya uji mkononi, hajui aiweke wapi.

Mwishowe Mayunga akasema: "Mkono ni mkono, Taufiki. Lakini umeniapisha uongo kwa baba yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote kuniita kwa jina.

Bega limepona kwa nje. Kano zilizoshonwa ziliachia wakati wa kuosha usaha, na dokta anasema hazitashoneka tena. Mkono unafika kifuani, haupandi zaidi. Alirudi nyumbani tarehe tano. Siku iliyofuata alichinja mbuzi mweupe, wazee wawili wakaja kutoka Runazi, akaomba radhi kwa baba yake kwa kiapo kile. Sikualikwa. Niliona moshi tu nikiwa uani kwetu. Maksai sasa anamfundisha Magdalena kuwashika. Jana niliwaona shambani kwa mbali, Mayunga akitembea kando ya plau akielekeza kwa mkono wa kushoto, mkewe akiyumba nyuma ya ng'ombe.

Juzi Ijumaa baada ya sala nilikwenda Biharamulo mjini kwa mfamasia wa wilaya, nikampelekea kibali cha duka, funguo na kile kichupa cha pili. Nikaeleza kila kitu mbele yake na karani wake. Alikuwa mama mtu mzima, alisikiliza huku miwani ameivua. Aliandika kurasa tatu. Nilijibu yote bila kusita, nikajisikia mwepesi kidogo kwa mara ya kwanza tangu Julai, mpaka alipofika swali la mwisho. Aliuliza dawa hii nimeitoa wapi, maana kwenye kichupa kilichobaki kuna muhuri wa hospitali ya serikali, na si ya mkoa huu.

Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie, Dada. Hayo mengine yote ningeweza kukaa nayo mwenyewe.

Ulipozileta kwa ajili ya goti la mama, sikukuuliza ulizipataje, nawe hukuniambia. Mama alikuwa anaumia na wewe ulikuwa mbali, ukafanya ulichoweza. Sikukulaumu wakati ule, na sasa ndiyo kabisa sina mdomo wa kukulaumu. Ningesema nilinunua kwa mchuuzi wa mpakani, angeandika, yangekwisha. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikaona midomo ya Mayunga ikiapa.

Nikataja jina lako na wodi unayofanyia kazi.

Amesema barua ya kiofisi itatoka Jumatano. Hii nimempa Bonaventura, dereva wa basi la Tabora, aifikishe mkononi kwako kabla ya hiyo yao. Sikuombi unisamehe kwa haraka. Nakuomba jambo moja: wakija, usiwaache wakuulize mara mbili. Na shemeji mwambie wewe mwenyewe leo, kabla hajasikia kwa mtu.

Wasalimie watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Mwambie Raya mjomba wake anamwombea. Shangazi Swaumu anakusalimu. Bado sijamweleza, anafikiri duka nimelifunga ili kulipaka rangi. Ukitaka kunipigia, simu itakuwa wazi, nami nitapokea, lolote utakalosema.

Ni mimi mdogo wako,
Taufiki