Nilimwaga Chanjo ya Farasi, Sasa Shemeji Anaitwa Tapeli

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaharibu nyumba mbili kwa mpigo, maana wiki nzima sijala vizuri na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia, hata mke wangu, hasa mke wangu. Mimi ni msimamizi wa mabanda ya farasi, mwaka wa kumi na saba sasa, tuna farasi kumi na wanne, na kila mtu hapa ananijua kwamba siogopi farasi yeyote, na sifa hiyo sitakuficha, nimeipenda.

Mapema mwaka huu tulisikia ugonjwa wa matezi unazunguka, ule wa bakteria, farasi anavimba chini ya taya, anatoa usaha puani, na akizidiwa koo linaziba. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ndiye daktari wetu wa mifugo, akamshauri mzee mwenye mabanda tuwachanje wote, sindano mbili kila mmoja, ya pili baada ya wiki nne, akaeleza wazi kwamba ya kwanza peke yake haitoshi na kwamba hata zote mbili hazizuii kila kitu ila zinapunguza sana. Ya kwanza alichoma mwenyewe. Siku ya ile ya pili akaitwa kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa, nikamwambia niachie mimi shemeji, hiyo kazi ndogo, akaacha dawa kwenye friji ya ofisini, akaniuliza, "Hata Mama Mkwe utamweza?" nami nikacheka.

Mama Mkwe ni farasi jike, tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna anayemtania. Miaka miwili iliyopita alinipiga teke akanivunja mbavu mbili, na mimi nikawaambia watu niliteleza kwenye sakafu yenye maji. Basi siku hiyo nikachanja kumi na wawili vizuri kabisa, nikafika banda la mwisho, akanigeuzia makalio na kulaza masikio, mkono ukaanza kunitetemeka, na binti yake wa miaka miwili yuko nyuma yake kwenye banda hilohilo, humfikii bila kumpita mama, nikaona basi, nikazibonyeza sindano zote mbili kwenye majani makavu, nikaenda ofisini nikatia alama za vema kumi na nne kwenye daftari la chanjo na saini yangu chini.

Miezi miwili baadaye akaletwa farasi mgeni anayetoka makamasi, nikamruhusu anywe kwenye hori moja na wetu, nikijua tumechanja. Wakaugua watatu: Mama Mkwe, binti yake, na yule dume mweupe mzee, ambaye nilimchoma sawasawa. Mweupe amekohoa siku nne na sasa anakula. Mama Mkwe jipu limepasuka, anaendelea vizuri. Binti ndiye ananitisha, uvimbe umekuwa mgumu, hamezi, pumzi zake nazisikia nikiwa getini. Mzee alifungua daftari, akaona vema kumi na nne, akasema chanjo hii ni maji ya bomba na shemeji yangu ni tapeli, akamkataza kukanyaga hapa, anamkanda yule binti kwa taulo la moto na anawapigia simu wenye farasi wenzake wasimwite tena. Jirani yetu hakuchanja kabisa na farasi wake saba kati ya tisa wameugua, lakini mzee anasema wale ni wachafu tu. Na jana shemeji alikuja kwetu akakaa jikoni na dada yake, akalia, akasema labda ni yeye aliyeiharibu dawa njiani, labda haikuwa baridi vya kutosha. Mimi nilikuwa sebuleni navua buti.

Sasa mshauri, kwa kuwa yule mweupe alichanjwa na bado aliugua, si ina maana chanjo yenyewe haifai, na huenda hata ningewachoma wale wawili wangeugua vilevile? Na kama ndivyo, kuna haja gani ya kusema? Nimeandika namba yangu ya simu nyuma ya karatasi, ila tafadhali usitaje jina langu gazetini, mzee husoma ukurasa wako kila Ijumaa saa nne akinywa chai.

Ni mimi, Msimamizi Aliyebanwa.

MSHAURI ANAJIBU

Msimamizi, aliyebanwa si wewe. Aliyebanwa ni yule binti wa farasi, na amebanwa koo.

Nilikuwa muuguzi miaka ishirini na mbili kabla ya kupewa ukurasa huu, kwa hiyo watu wa aina yako nawajua. Unampa mtu kidonge, anakificha chini ya ulimi, anakitemea kwenye chungu cha maua, halafu baada ya wiki anarudi na sura ndefu kuniambia dawa zenu hazifanyi kazi. Tofauti yenu ni moja tu. Yeye alitema cha kwake.

Tuanze na hilo "huenda" lako, maana umelipakia mzigo mzito kuliko unaoubeba wewe mwenyewe. Unajua kuhesabu farasi, basi hesabu. Waliochanjwa mara mbili kwako ni kumi na wawili, akaugua mmoja, tena akakohoa siku nne na kurudi kwenye chakula chake. Uliowaruka ni wawili, wakaugua wawili. Jirani hakuchanja, wakaugua saba kati ya tisa. Haya umeyaandika wewe kwa mkono wako, kisha kwenye aya inayofuata unaniuliza kama chanjo inafaa. Ulitaka nikujibu nini? Shemeji yako alikwambia mapema kwamba chanjo hiyo inapunguza, haifuti, na mabanda yako yamefanya vilevile alivyosema. Na kwa sababu haifuti ndiyo maana mgeni mwenye makamasi hutengwa na kupewa ndoo yake, lakini wewe ulimkaribisha horini kana kwamba ni arusi. Usijifiche nyuma ya farasi mzee. Yeye alipata chanjo yake na akapona.

Nitakuonea huruma mahali pamoja. Kumwogopa mnyama aliyekuvunja mbavu mbili si aibu. Mimi ningemwogopa. Mwili una kumbukumbu zake, na mkono uliotetemeka pale ulikuwa na haki ya kutetemeka. Ungetoka nje ukasema, "Huyu simwezi, shemeji, njoo tusaidiane," angekuja na harufu ya ng'ombe mikononi, na mambo yangeishia hapo. Alishamchoma mara ya kwanza bila kelele. Lakini hukutaka watu wajue. Ili uendelee kuitwa shujaa na watu wanaokuona ukibeba ndoo, umemwacha mdogo wa mkeo alie jikoni kwako, akijishuku kuhusu baridi ya dawa ambayo wewe uliimwaga kwenye majani, na wewe uko sebuleni unahangaika na buti. Buti gani hizo zinazovuliwa muda wote huo?

Barua yako ilinifikia Jumanne. Nilikupigia simu siku hiyohiyo, na Jumatano mara mbili, hukupokea. Nilimuuliza daktari wa mifugo ninayemwamini, akasema farasi mwenye uvimbe kama huo na asiyemeza anahitaji daktari leo, si taulo, na pengine jipu lipasuliwe ili apumue. Kwenu daktari yupo. Kinachomzuia kuingia getini ni vema mbili ulizotia kwa kalamu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie shemeji yako sasa hivi, na usianze kwa kuomba msamaha, utamchelewesha. Mwambie ni farasi gani wawili hawakuchanjwa, kisha mwambie abebe vifaa vyake aje. Msamaha utauomba baadaye, na utauomba mbele ya mkeo. Ukikata simu, chukua lile daftari umpelekee mzee, zikate zile vema mbili akiwa anatazama, na pembeni uandike: Hawakuchanjwa, niliogopa. Utie saini. Akikufukuza, umefukuzwa, lakini fungua geti kwanza. Halafu wewe ndiye utakayeshika kamba ya yule binti daktari akimpasua, na mama yake awe nyuma yako, na ukitetemeka utetemeke watu wakiona. Jioni mzee awapigie tena wale wote aliowapigia. Ukikaa naye mpaka amalize orodha, hutakuwa umezidisha.

Umeniomba nisitaje jina lako, na sijalitaja. La farasi hukuniomba nilifiche, na sidhani kama kuna mabanda mengine yenye farasi anayeitwa Mama Mkwe. Leo ni Ijumaa. Gazeti limeshatoka, na chai ya mzee ni saa nne.