Jogoo wa Mama Nimpaye na Mita ya Trekta

Jumatatu, 22 Septemba 2025
Ukungu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta. Mvua bado. Foleni mlangoni kwangu mapema, maana mimi ndiye karani wa kikundi cha trekta, na wote swali moja: kwa nini kikundi kimeacha kulima kwa eka? Nimeeleza mpaka koo limekauka. Kwa eka, kila mtu hapa Runazi ana "kaeka kamoja" kanakolimwa hadi jioni! Sasa tunasoma mita ya trekta, inayohesabu saa injini ikiwaka. Saa moja elfu sitini, mteja analipa kwanza. Na dereva analishwa na mteja — hilo nalo nimewasomea.

Mama Nimpaye, mjane wa mzee Havyarimana, amelipia saa tatu. Mashamba mawili, la juu na la bondeni.

Jumatano, 24 Septemba
Mawingu. Saa tatu za mama Nimpaye zimekwisha, la bondeni halijaguswa! Dereva wetu Elick anasema alikuwa anakula. Mama alimchinjia jogoo. Jogoo mzee, haivi. Na kumwachia mama wa watu sufuria yake mekoni ni matusi. Nikamuuliza, kwa nini hukuzima injini? Stata imekufa, dada. Nikizima pale tambarare, nani atasukuma? Basi trekta likanguruma uani, mita ikahesabu.

Mama amekuja mwenyewe. Shikamoo, marahaba. Akaniangalia. "Kumbe jogoo wangu nimemchinjia mita?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwenyekiti wetu, Bonaventura: dizeli imeungua, mita haijui kuku wala shamba. Tukimsamehe huyu, kesho kila nyumba itachinja. Na hajakosea. Hilo ndilo linalonichosha.

Ijumaa, 26 Septemba
Mvua! Kubwa, tangu alfajiri. Mama Nimpaye ameleta mfuko wa maharage, alipie bondeni. Nimetia mkono ndani — yamechanganywa na majivu. Ni mbegu. Mbegu ya shamba hilohilo la bondeni! Utapanda nini, mama? "Kwanza lilimwe, mwanangu."

Bonaventura hataki mazao. Yauzwe kwanza gulioni Jumanne, pesa ionekane. Lakini Jumatatu trekta linaondoka kwenda Ntobeye, na halirudi hadi msimu wa kupanda upite. Akasema: basi tena.

Mfuko uko chini ya meza yangu. Miguu inaugusa.

Jumamosi, 27 Septemba
Manyunyu. Habari za jogoo zimefika kila nyumba. Elick amelima kwa Xavery tangu asubuhi, hata chai hakupewa. Alipoomba maji, Xavery alimpa kikombe huku akitembea kando ya trekta. "Kunywa ukienda, baba, mita inakuona!" Watu wamecheka. Elick hakucheka.

Jumapili, 28 Septemba
Jua. Ardhi laini, ya kulimika. Kanisani nimekaa, mahubiri sikuyasikia. Mama Nimpaye alikuwa benchi la mbele.

Jioni, mngurumo mlangoni. Elick, ametoka kwa mteja wa mwisho. "Dada Deodata, nipe chochote. Runazi nzima imenifunikia sufuria." Nimempikia ugali wa muhogo, dagaa. Amekula taratibu, na mimi sikuweza kumharakisha. Trekta linanguruma nje — kwangu nako tambarare. Nikatoka kuchungulia mita. Inasonga. Mteja hayupo. Hizi dakika niziandike za nani?

Akanawa. Nikamwambia asizime. Mfuko wa maharage nimeufunga nyuma ya kiti, kamba nimekaza mwenyewe. Mwenyekiti anajua? ameuliza. Nikamwambia, taa za mbele si zinawaka? Nenda bondeni kwa mama Nimpaye.

Amekwenda.

Fomu ya leo ya saa za trekta iko mbele yangu. Mahali pa jina la mteja sijaandika kitu. Kesho kabla ya safari Bonaventura atasoma mita, kama kawaida yake, kwa tochi, akiwa amevaa miwani.

Macho yanauma. Saa nne na nusu usiku, nalala. Bado linasikika kule bondeni.