Asali Isiyo ya Mizinga Yangu

Kambi ya Mkonge, Tanga

Mke wangu Mama Shija,

Habari za siku nyingi? Mama mkwe anaendeleaje na goti lake? Shija bado anakohoa? Mimi mzima wa mwili, miiba ya mkonge tu imenichoma viganja. Moyo ndio mgonjwa, na aliyeutia ugonjwa ni wewe.

Binamu yangu Masanja alifika na kibuyu cha asali ulichompa aniletee. Nikashukuru, nikachovya kidole. Mama Shija, mimi ni mrina asali, mtoto wa mrina asali. Mizinga yangu yote iko kwenye miyombo ya kule Ipole, na asali yake nyeupe, laini. Hii ilikuwa nyeusi, inakereketa koo. Ni asali ya mbugani, na mbugani sina hata mzinga mmoja. Mwenye mizinga kule ni jirani yetu Kapela.

Sikuigusa tena. Siku tatu nimenuna, nakata mkonge kama namkata yeye. Na barua yako nayo kila mstari Kapela: Kapela kasaidia kuezeka, Kapela kaleta kuni. Nikajiuliza, na kitandani je? Nisamehe, lakini ndivyo nilivyowaza.

Siku ya nne nikambana Masanja. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kapela wapi! Hiyo ni ya shemeji mwenyewe. Tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, wanawake nao wanatundika mizinga. Kapela kawafundisha tu kupanda kwa kamba. Mzinga wa shemeji una alama yake, unyayo wa kuku."

Basi hapo ndipo wivu uliponizidi. Kapela ningerudi nikapigana naye. Nyuki wako nitawafanyaje? Miaka yote mimi ndiye niliyepanda, wewe ukangoja chini na chombo. Leo wewe ndiye unayenitumia asali, na kwenye mzinga kuna unyayo wa kuku, alama yangu ya mistari miwili haipo. Naona wivu, sikufichi. Mwenye macho haambiwi tazama, nami naona nafasi yangu inazibwa.

Kisha Masanja akaniambia kwamba mizinga yangu imeliwa na mchwa, umebaki mmoja. Huo uliubeba mtupu kichwani mpaka mbugani, ukautundika mti mmoja na wa kwako, na alama yangu hukuigusa. Nikarudi kwenye kibuyu nikala asali yako, ikanikereketa, nikala tena.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu. Dada yangu mfinyanzi mwambie chungu chake bado kizima, ndicho ninachopikia. Shija umbusu. Kapela naye msalimie, ila kwa mbali.

Mkataba wangu unaisha mvua zikianza. Kabla sijapanda treni, nijibu neno moja tu: nyuki wameingia kwenye mzinga wangu, au bado mtupu?

Mumeo,
Baba Shija