Mwenye Nyumba Wangu Ananifunga Akili

Mpendwa Mshauri Philomena, naomba unisome mpaka mwisho hata kama nitarukaruka, maana barua hii nimeshaianza mara kadhaa na zile za kwanza sijui nimeziweka wapi.

Mimi ni Mkinga, mtu wa Makete, kwetu ni baridi na viazi, nilikuja huku Bariadi kutafuta maisha na sasa ni kibarua wa kunyunyiza dawa kwenye mashamba ya pamba, nabeba bomba mgongoni toka asubuhi mpaka mabega yanakufa ganzi, na shule niliishia darasa la tano kwa hiyo usinicheke mwandiko. Shida yangu ni kwamba tangu nifike hapa akili yangu si yangu. Nasahau, wala sisemi kusahau kwa kawaida, nasema naenda kuchota maji nafika kisimani sina ndoo, naanza mstari wa pamba, anapita ndege, nafikiria habari za yule ndege mpaka nashtuka niko mstari mwingine na sijui huu nimeshaupiga dawa au bado, na asubuhi nyingine nakaa kitandani, najua kazi inanisubiri, nataka kuinuka, siinuki, kama mtu aliyefungwa kamba.

Cha ajabu ni kwamba ukinipa redio mbovu naifungua na kukaa nayo mpaka giza linaingia, sili, sisikii nikiitwa, na redio inapona. Ndiyo maana bosi wangu, mzee Mayunga, anasema mimi si mgonjwa, mimi ni mjanja. Msimu huu nilisahau kama nimeshatia dawa kwenye bomba, nikatia tena, majani ya pamba yakaungua kipande kikubwa, akaja kusimama mbele yangu mbele ya vibarua wote.

"Wewe Mkinga, dawa inaisha haraka na pamba inaungua. Hiyo nyingine unamuuzia nani?"

"Sijauza mzee, nilisahau."

"Umesahau! Siku ya malipo mbona hujawahi kuisahau?"

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Mimi sikucheka.

Sasa nije kwenye lenyewe. Nimepanga chumba kwa mama mmoja mzee, mjane, Mama Klementina, sisi wapangaji tunamwita Mayu, ndivyo wanavyomwita mama huku. Ananipikia pia, ugali na mlenda, na mwanzoni nilimwona mtu mzuri. Lakini nikaanza kuona mambo. Kwanza alining'iniza kibuyu kwenye msumari karibu na mlango wangu, nikakuta ufunguo wangu na simu yangu vimo ndani ya kibuyu. Kibuyu, mshauri! Wewe unajua kibuyu ni chombo cha watu gani. Nikimuuliza anasema, "Vitu vyako vikae hapa, visitembee." Pili, kila asubuhi nikimwamkia mwangaluka, salamu ya huku, hanijibu mpaka nitaje vitu. "Unabeba nini leo? Sema." Nasema bomba, maji, glavu, ufunguo. "Rudia." Narudia. Kwa nini mtu mzima anilazimishe kurudia maneno yaleyale kila siku kabla jua halijatoka vizuri, kama si maneno ya kufunga mtu?

Tatu, nilikuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mpini wa bomba langu. Nikauliza nani kafunga, akasema ni yeye, eti nikishatia dawa nikifungue, na bomba likiisha nikifunge tena. Nikaona huyu sasa hajifichi. Nikakichoma moto kitambaa chake, na siku ileile, mshauri, siku ileile ndiyo nikatia dawa mara mbili pamba ikaungua. Nne, siku moja nilijipikia, nikaacha maharage kwenye jiko chumbani nikaenda kwa jirani kuangalia redio yake, nikarudi nikamkuta Mayu chumbani kwangu na ndoo ya maji, masizi mpaka kwenye nyusi, sufuria imekuwa nyeusi, anasema, "Utatuchoma wote, mtu wa baridi wewe." Najiuliza, alijuaje kwamba ndiyo wakati wa kuingia? Na siku nyingine akaniambia, "Marehemu mwanangu alikuwa kama wewe kabisa, kichwa kama mlango usio na komeo." Kwa nini anifananishe na marehemu?

Nikamweleza mwenzangu Mayala, tunapiga dawa pamoja. Mayala ni mtoto wa mdogo wake marehemu mume wa huyu mama, kwa hiyo anamjua, na ndiye aliyenifumbua macho. Anasema hata ule uwanja uliojengwa nyumba si wa mama, ni wa ukoo wao, anaukalia tu. Akanipeleka kwa mganga njia ya Maswa, yule mganga hakuuliza hata jina langu, akasema anayekulisha ndiye anayekufunga, leta kipande cha kanga yake. Mayala anasema kanga pekee haitoshi, mwisho wa mwezi sungusungu, walinzi wa jadi wa huku, wanakaa kikao na mimi nisimame nimtaje kuwa mchawi. Nikasema si ataje yeye. Akasema, "Mimi ni ndugu, nikisema mimi itaonekana vibaya. Wewe ni mgeni, huna ugomvi na mtu, watakuamini. Wewe taja tu, mengine tuachie sisi."

Kusema kweli mimi mtoto nilikuwa hivyo kidogo, mama alikuwa ananituma chumvi narudi na kiberiti, na mwalimu alinichapa sana kwa kuacha daftari nyumbani, ndiyo hata shule nikaichoka, lakini ule ulikuwa utoto. Hili la sasa ni kubwa. Nimechoka mshauri, nataka akili yangu nirudi nayo kwetu. Nihame kimyakimya, au nisimame nitaje?

Mimi mtu wa Makete, Bariadi.

Philomena anajibu

Usitaje. Nimeliweka hilo mbele kwa sababu nakujua, huenda ukaacha kusoma katikati.

Namba ya simu uliyoiandika nimeipiga mara nyingi, inaita tu. Majina yote nimeyabadilisha lakini wewe utajitambua. Na pole, mdogo wangu. Kuchekwa mbele ya watu kwa jambo ambalo hukulikusudia kunauma, na mzee Mayunga angeweza kukuuliza pembeni.

Baada ya pole, sasa nikugombeze. Unaniambia haya yote yalianza ulipofika Bariadi, halafu chini kabisa ya barua, kama mtu anayetupa maganda, unasema ulitumwa chumvi ukarudi na kiberiti. Mama Klementina alikuwa Makete? Alikuwa darasani kwenu ulipochapwa? Ulichonacho umekuja nacho kwenye basi.

Mimi si daktari na sikupimi kwa barua. Lakini ziko akili zinazotembea namna hiyo tangu utotoni: zinasahau, zinarukia kila kinachopita, zinashindwa kuanza kazi hata mwenyewe akiitaka, halafu zikipenda kitu zinazama humo mpaka giza. Wataalamu wanaiita ADHD, na watu wazima wengi wanaishi nayo bila kujua jina lake, wanaitwa wavivu na wajanja. Nenda hospitali ya mkoa, uliza wanaohusika na afya ya akili, waeleze ya utotoni kwanza, kisha ya sasa. Uwaambie pia unashika dawa ya wadudu kila siku, maana nayo ikikuingia mwilini inaharibu kichwa, wakupime na hilo. Usione aibu kwa neno akili. Mwenye jino bovu anakwenda kwa daktari wa meno, hachekwi.

Turudi kwa mama. Nimeisoma barua yako mara ya pili nikiwa na wasiwasi kama wako, nikimtafuta mchawi. Nimemkosa. Nimemwona mtu anayekutafutia mahali pamoja pa kuweka ufunguo, anayekufanya utaje mizigo yako kwa sauti kabla hujatoka, anayekufungia alama ujue dawa imeingia au haijaingia. Hizo ndizo mbinu hasa wanazofundishwa watu wenye shida yako, na wengine wanazifuata mbali. Ulichoma kitambaa, siku hiyohiyo ukatia dawa mara mbili, na bado ukaona kosa ni la kitambaa. Alijuaje kuhusu maharage? Kaka, moshi! Na kuhusu marehemu, alikuambia wazi kabisa: alilea mtoto wa namna yako. Amekujua siku nyingi, wewe ndiye hujamjua. Huenda nimekosea, mimi sikai pale. Lakini katika barua yote hukuandika mahali popote kwamba ulimuuliza, "Mayu, kwa nini unanifanyia haya?" ukasubiri jibu.

Wasiwasi unao mwingi, ila umeuelekeza upande usio wake. Hebu uelekeze kwa Mayala. Uwanja anausema ni wa ukoo wake. Anayeukalia ni mjane, na unasema mwanawe alishafariki. Mganga ni wa kuchaguliwa na Mayala, na jibu lilikuwa tayari kabla hujaulizwa jina. Kisha ndugu mwenyewe anakaa kimya, anasukumwa mgeni aseme, kwa sababu mgeni hana ugomvi na mtu. Kama anaamini kweli, ulimi wake una nini? Wewe taja tu, mengine tuachie sisi. Mengine ni yapi, mdogo wangu? Umekaa Usukumani, unajua mama wa umri ule akishatajwa huwa anaamkaje kesho yake, au kama anaamka. Siku hiyo Mayala atakuwa na uwanja, na polisi watakuwa na jina la aliyesema. Jina hilo ni lako.

Kazini fanya hivi. Funga kitambaa kingine mwenyewe, rangi yoyote, na usiguse chupa ya dawa kabla hujakitazama. Ukiingia mstari chomeka kijiti mwanzo wake, ukitoka king'oe ukichomeke kwenye unaofuata. Akija ndege mwache apite, jicho lirudi kwenye kijiti. Asubuhi mwili ukigoma, usiifikirie siku nzima. Jiambie unatoka tu kumwagia uso maji, na ukishasimama nenda na mwenzako mmoja, kwani mtu kama wewe huanza kirahisi akiwa na mtu kando yake. Mwenzako huyo asiwe Mayala. Jikoni usiondoke, hata kama redio ya jirani inalia machozi. Mzee Mayunga mfuate akiwa peke yake, mwambie ukweli, mwonyeshe alama zako, na umwombe mtu mwingine asimame karibu unapochanganya dawa mpaka uzizoee. Redio nazo usizidharau. Mtu anayeweza kukaa na kitu kimoja mpaka kipone ana riziki mikononi, tafuta fundi akufundishe vizuri msimu wa pamba ukiisha.

Kanga ya mama usiiguse. Na kuhusu kikao, sikukungoja. Nimempigia mtu ninayemfahamu kwenye dawati la jinsia la polisi nikamweleza yote, na mwenyekiti wa mtaa ataulizwa. Unikasirikie ukitaka.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hana habari kwamba anazungumzwa, na huyo siwezi kumfikia kabla yako. Mwambie yeye mwenyewe kile Mayala alichokuomba, neno kwa neno, ili ajue ni nani wa kumfungulia mlango na nani asimfungulie. Usiniambie utaenda jioni. Jioni zako mimi na wewe tunazijua. Inuka sasa hivi, gazeti likiwa mkononi, ukamgongee kabla hakijapita kitu kingine kichwani mwako.